MFANYABIASHARA MWENYE NIA MBILI



Wewe uliyepokea karatasi hii, usiikunje kwanza. Usiipeleke kufungia karanga. Najua umepewa njiani tu. Labda ulikuwa pale Kibaoni unasubiri abiria juu ya pikipiki yako, labda sokoni, labda umesimama nyuma kabisa ya spika unasikiliza muziki, huna habari na mahubiri. Si neno. Soma tu. Sitakuuliza dini ya baba yako, wala jana ulilala wapi. Nataka kukusimulia habari za mtu mmoja Mmarekani, mfanyabiashara, mtu wa kanisa kweli kweli, aliyefika Unguja mwaka 1837. Amekufa zamani sana, lakini nilipofundishwa habari zake nilikosa usingizi, maana nilijiona mimi mwenyewe.

Jina lake Richard Waters. Alizaliwa mwaka 1807, na kwao ni Salem, mji wa bandari kule Massachusetts, Marekani. Watu wa Salem walikuwa mabaharia na wachuuzi wa mbali, walizunguka dunia nzima kwa matanga. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba na Seyyid Said, Sultani wa Maskati na Unguja, kwamba Wamarekani wafanye biashara kwa uhuru na walipe ushuru wa asilimia 5 tu kwa mali wanayoingiza. Baada ya mkataba ikaonekana lazima awepo mtu wa kuiwakilisha serikali ya Marekani pale Unguja. Akachaguliwa Waters. Yeye ndiye balozi mdogo wa kwanza wa Marekani Unguja. Na kazi ile haikumzuia kufanya biashara yake. Kofia mbili kichwa kimoja.

Alileta nini? Uliza wazee wako. Ukipata bibi wa miaka themanini hapa Ifakara, au kule Lupiro, au Mngeta, mwulize, "Bibi, merikani ni nini?" Atakwambia ni kitambaa cha pamba, kizito, kisichotiwa rangi. Sasa unajua kwa nini kiliitwa hivyo. Kilifumwa kwenye viwanda vya Marekani, kikapakiwa melini, kikashushwa Unguja, kikavuka hadi bara na kuingia ndani kabisa mabegani mwa wapagazi. Huko bara merikani ilikuwa kama pesa. Ulinunua chakula kwa merikani, ulilipa mpagazi kwa merikani, ulimpa mtemi zawadi ya merikani akuruhusu kupita. Meli zilirudi Salem zimejaa pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu.

Sasa sikiliza. Huyu Waters hakuwa Mkristo wa Krismasi. Alikuwa anaomba, anasoma Biblia, anaiheshimu Jumapili. Alikuwa na kitabu anachoandika mambo ya kila siku, na maandishi yake yametunzwa Marekani, yakachapwa kitabuni mwaka 1965. Humo anaonekana mtu mwenye shauku ya kuwafaidia watu wa Unguja katika roho zao. Na tena, alikuwa mpinzani wa utumwa! Hilo lilikuwa jambo kubwa kwa Mmarekani wa siku zile, maana nchini kwao kulikuwa na watumwa zaidi ya milioni mbili na utumwa ulikuwa halali katika majimbo ya kusini mpaka mwaka 1865.

Basi mtu kama huyo anashuka Unguja, anakuta nini? Anakuta majahazi yanatoka Kilwa yamejaa watu. Wametolewa bara, wametembezwa miguu mwezi hata miezi, wanauzwa sokoni mchana kweupe. Na wewe wa Kilombero usifikiri hiyo ni hadithi ya watu wengine. Misafara ya kusini iliyoshuka mpaka Kilwa Kivinje ilibeba mababu wa watu wa huku huku kusini. Pembe na binadamu walisafiri njia moja.

Waters akaona. Akahuzunika. Akaandika huzuni yake kitabuni.

Kisha asubuhi akaenda kazini.

Hapo ndipo mwalimu wetu wa Biblia aliponyamaza darasani, akatuangalia mmoja mmoja. Nilikuwa nimekaa dirishani. Mimi ni mtu wa darasa la saba tu na kozi ya Biblia, sikuwahi kufikiri historia ya Unguja inaweza kunihukumu.

Kwa maana tazama mambo yalivyokuwa. Bandarini Unguja hukuweza kufanya biashara kubwa bila mkuu wa forodha, aliyekuwa Mhindi mmoja hodari sana wa biashara, Jairam Shivji. Alikuwa amekodishiwa forodha na Sultani, anakusanya ushuru wote. Waters akashikamana naye. Wakapatana vizuri, hata wafanyabiashara wengine wa Kimarekani wakalalamika kwamba mlango umefungwa, wawili hawa wameushika peke yao. Na forodha ile ile iliyohesabu marobota ya merikani ndiyo iliyohesabu vichwa vya watumwa, kila kichwa na ushuru wake. Wachukuzi wa bandarini, wengi wao walikuwa watumwa wa kukodishwa. Anafanya kazi mtumwa, ujira unakwenda kwa bwana wake. Pembe aliyoipima Waters kwenye mizani, nani aliibeba kutoka bara? Mara nyingine mtumwa, ambaye mwisho wa safari naye aliuzwa.

Na bado kuna jambo lingine, hili ndilo lilinichoma. Ile merikani yenyewe! Viwanda vilikuwa kaskazini ya Marekani, kwa watu huru, lakini pamba ilitoka kusini, nayo ilichumwa na watumwa weusi chini ya kiboko. Kwa hiyo mtu anayechukia utumwa anapakia kitambaa cha pamba ya watumwa, anakwenda kukibadilisha na pembe iliyobebwa na watumwa, na usiku anamwomba Mungu awahurumie watumwa. Jamani!

Sisemi alikuwa mnafiki. Mnafiki anajua anadanganya. Huyu alikuwa na huzuni ya kweli. Mwaka 1844, mmishonari Ludwig Krapf alipofika Unguja na mkewe kutoka Uhabeshi, Waters alimpokea vizuri, akamsihi abaki pale pale Unguja afungue shule na kuwahubiri watu. Krapf akakataa, akaenda zake Mombasa, na huko mkewe na mtoto mchanga wakafa mwaka ule ule. Unaona? Waters aliipenda Injili. Alitaka ihubiriwe. Ila alitaka isiguse dawati lake la hesabu.

Yakobo katika waraka wake, sura ya 1, anamtaja mtu wa nia mbili, mtu asiyetulia popote. Watu wengi wanadhani ni mlevi anayeokoka leo na kesho yuko kilabuni. Hapana, mlevi ana nia moja, tena unaiona kwa macho. Mtu wa nia mbili ni yule mwenye chumba cha Mungu na chumba cha pesa, na ukuta katikati, na mlango hakuna.

Waters akaondoka Unguja mwaka huo huo wa 1844 amejipatia mali. Akarudi kwao, akanunua shamba Beverly, karibu na Salem, akaishi miaka mingi, akafa mwaka 1887. Soko la watumwa Unguja lilikuja kufungwa mwaka 1873 kwa amri ya Sultani Barghash aliyebanwa na Waingereza, na juu ya kiwanja cha Mkunazini likajengwa kanisa linalosimama mpaka leo. Utumwa wenyewe Unguja ulisubiri mpaka 1897, na huku Tanganyika mpaka 1922. Waters yuko wapi sasa, mbinguni au jehanamu? Sijui na si kazi yangu. Yuko mikononi mwa Mungu anayejua mioyo.

Lakini utaniambia, "Mtumishi, angefanya nini? Biashara ndivyo ilivyo. Angeacha, angekuja mwingine." Hayo maneno nayajua, niliyasema mimi mwenyewe miaka minne. Kwa hiyo ngoja nikutajie wengine wawili wa wakati ule ule, nchi ile ile, kazi ile ile.

Kulikuwa na ndugu wawili New York, Arthur na Lewis Tappan, wauzaji wa hariri. Matajiri, na watu wa maombi. Mwaka 1833 wakasaidia kuanzisha chama cha kupinga utumwa cha Marekani, Arthur akawa rais wake. Hawa hawakuandika huzuni yao kitabuni tu. Waliitoa pesa yao, wakachapa magazeti, wakaeneza. Wateja wa kusini wakawasusia. Julai 1834 kundi la wahuni likavamia nyumba ya Lewis, likatoa vitanda, meza, viti, likavichoma moto barabarani. Unajua Lewis alifanya nini? Aliiacha ile nyumba bila kuitengeneza majira yale yote ya joto, watu wapite waione. Mwaka 1837, mwaka ule ule Waters anashuka Unguja, uchumi wa Marekani ukaanguka na duka la ndugu hawa likafilisika. Hebu fikiri: mmoja anafungua, wengine wanafunga.

Wakaanza tena. Na mwaka 1839, Waafrika 53 waliotekwa Afrika Magharibi wakaikamata meli iliyowabeba, Amistad, wakafika pwani ya Marekani wakatiwa gerezani. Lewis Tappan alikuwa mmoja wa wale watatu waliounda kamati ya kuwatafutia mawakili na mkalimani. Kesi ikafika mahakama ya juu kabisa, Machi 1841 wakatangazwa huru. Wengine walikuwa wamekwisha kufa. Waliobaki 35 wakarudi kwao Sierra Leone, wakafika Januari 1842. Watu thelathini na watano waliona tena nchi yao. Lewis akafa Juni 1873, mwezi ule ule soko la Unguja lilipofungwa.

Nao hawakuwa malaika, usinielewe vibaya. Arthur alijulikana kwa ukali, na waligombana na wenzao wa chama mpaka wakagawanyika. Lakini ule ukuta katikati ya vyumba viwili, hawakuujenga.

Sasa zamu yangu. Hapa ndipo nilitaka kufika, na ndipo nisipopenda kufika.

Nilipomaliza shule ya msingi sikuendelea, pesa haikuwepo. Nikapata kazi kwa mnunuzi mmoja wa mpunga. Jina lake silitaji, hata ukinibana. Msimu wa mavuno tulikuwa tunaingia vijijini na gari, tunanunua mpunga kwa debe. Wewe mtoto wa hapa unajua debe. Tajiri wangu alikuwa na madebe mawili. La kwanza lilipigwapigwa kwa ndani mpaka kitako kikatokeza nje kama tumbo. Hilo la kununulia. La pili limebonyezwa kuingia ndani. Hilo la kuuzia. Ukiyaweza yote mawili, katika kila madebe kumi unapata moja la bure. Na mimi ndiye niliyeshika debe. Nilikuwa na mkono mwepesi, nalitikisa mpunga ushuke, nazidisha mlima juu, mkulima anaangalia tu.

Na Jumapili nilikuwa kwaya. Sauti ya pili! Nilikuwa nalia wakati wa kuimba, machozi ya kweli, si ya kuigiza. Katika Mithali sura ya 20 imeandikwa wazi kwamba Mungu anachukizwa na vipimo viwili visivyolingana. Nilikuwa nimeisikia ikihubiriwa. Nikasema amina na wenzangu.

Kuna mama mmoja, mjane, upande wa Idete. Alileta magunia yake akasema anataka ada na sare za binti yake. Nilimpimia kama nilivyowapimia wote. Hesabu ilipokuja imepungua, aliniangalia usoni, akasema, "Mwanangu, nyumbani nilipima mara mbili." Nikamjibu, "Mama, debe halina ndugu." Wenzangu wakacheka. Mimi pia nikacheka. Usiku nilisali nikamwombea yule mama apate ada. Umesikia? NIKAMWOMBEA. Huyo ndiye Richard Waters wa Ifakara.

Siku mwalimu aliposimulia habari ya Unguja, mwaka wa nne tangu nianze kazi ile, nilitoka nje ya darasa nikapiga magoti nyuma ya jengo. Sikuona maono. Sikusikia sauti. Niliona kitako cha debe. Nikamwambia Bwana Yesu, "Ingia na huku." Sala yenyewe ilikuwa hiyo tu. Nilikuwa nimeokoka kwa mdomo tangu mtoto, ila siku ile ndiyo nilifungua chumba cha pili.

Kesho yake niliacha kazi. Tajiri akanicheka, akasema nitarudi nikishikwa na njaa. Njaa ilinishika kweli, sikufichi, miezi mitatu nilikula kwa dada yangu nikisemwa. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka sura ya 19, alipompokea Yesu nyumbani alisimama akaahidi kurudisha mara nne. Mimi mara nne sikuiweza. Nililima nusu eka ya kukodi, nikauza, nikaanza na yule mama. Nikaenda kwa baiskeli mpaka kwake. Nikamkuta anaanua mihogo. Nikapiga magoti nikaeleza yote, nikampa ile pesa mkononi. Akaihesabu polepole. Kisha akaniambia, "Umechelewa, mwanangu. Mtoto aliacha shule mwaka ule ule. Sasa ana mtoto wake."

Alinipa maji nikanywa. Alinisamehe, maana ni mama wa huruma. Lakini yule binti hakurudi darasani. Damu ya Yesu ilinisafisha dhambi yangu, nina hakika kama nilivyo na hakika kuna mto Kilombero; lakini mwaka wa mtu ulioliwa haurudishwi na baiskeli.

Ndiyo maana nakusihi leo, kijana, sio mwakani. Wewe huendi kanisani, sawa. Unasema wa kanisani ni waongo. Baadhi yetu, ndiyo, nimekwisha kukuonyesha mmoja. Lakini hata wewe una vyumba viwili. Wewe wa bodaboda, unampenda mama yako, unamtumia pesa kwa simu kila mwezi, kumbe ni ile uliyomtoza mara tatu mgonjwa aliyekupigia usiku wa manane umpeleke hospitali. Wewe unayekata miwa kule Kidatu, mshahara unaishia kwenye mikeka ya kubeti, na nyumbani unamwambia mkeo mwajiri amechelewesha. Wewe dada unayemjua mume wa nani anakulipia chumba, na bado unamsalimia mkewe sokoni, "Shikamoo, dada." Unahuzunika, najua. Usiku unahuzunika. Waters naye alihuzunika.

Soma Marko sura ya 10. Kijana mmoja tajiri alimkimbilia Yesu, akapiga magoti, akauliza habari za uzima wa milele. Mwisho akaondoka amekunja uso, kwa ajili ya mali zake. Naye alikuwa na huzuni! Yesu hakumkimbilia nyuma kumpunguzia bei. Lakini imeandikwa kwamba kabla hajamwambia neno gumu, Yesu alimtazama akampenda. Anakutazama wewe hivyo hivyo, na debe lako mkononi.

Usingoje uwe safi kwanza. Ukitaka, sema naye sasa hivi, hata umekaa juu ya pikipiki, kwa maneno yako. Kama huna maneno, chukua haya yangu: Bwana Yesu, unakijua chumba nilichokificha. Nimechoka kukilinda. Nimekosa kwako na kwa watu, nawe unawajua kwa majina. Ulikufa kwa ajili yangu, ukafufuka. Ingia mahali pote, usiniachie kona. Nipe nguvu ya kwenda kwa yule niliyemdhulumu. Amina.

Ukishasali, kuna mtu mmoja amekuja kichwani mwako, si ndiyo? Anza na huyo. Kama unaogopa kwenda peke yako, njoo kesho saa kumi jioni hapa hapa uwanjani, upande wa kushoto wa jukwaa, chini ya mwembe. Nitakuwa nimesimama na baiskeli. Tutakwenda wote.